Fundi wa Soksi za Gambuti

Ukitaka kumkasirisha, mwambie unataka soksi nzuri. Alikuwa anakutazama juu ya miwani yake, ile ambayo mkono mmoja ulikuwa wa waya, halafu anakuuliza, "Nzuri kwa nani? Za harusini?" Akishasema hivyo anarudi kwenye sindano zake kama vile umeshaondoka. Mimi siku ya kwanza nilisimama mbele ya meza yake na mkoba wangu begani, nikajiona mjinga kweli kweli. Nikamwambia basi, naomba soksi za kuvalia gambuti, za baba yangu, analima kabichi na njegere huko Mgeta kwenye baridi. Hapo ndipo alipoinua kichwa.

"Miguu yake inaumwa nini?"

Weee! Sikuwa nimetaja ugonjwa hata kidogo. Nikamwambia Baba ana sukari, na nesi wa zahanati amemwonya kwamba kidonda kidogo tu mguuni kinaweza kumfikisha kwenye kukatwa. Fundi akaweka sindano chini. Akamgeukia mkewe, aliyekuwa amekaa nyuma yake kwenye kiti cha plastiki, akamwambia, "Mama, hebu lete lile sweta jeupe." Nikadhani shida yangu imekwisha siku ile ile. Wapi! Nilirudi pale wiki nzima kabla hajaanza hata kufuma kisigino.

Sokoni Morogoro sisi wote tulimwita Fundi Soksi, na jina lake halisi nililisikia mara moja tu likanitoka. Mimi ni msusi, saluni yangu iko mtaa wa nyuma ya soko, kwa hiyo kwa miaka mingi nilipita mbele ya meza yake kila siku na kumsalimia shikamoo bila kusimama. Watu walimcheka. Kwanza mji wenyewe huu, joto lake unalijua, nani anavaa soksi za sufu? Pili, mwanaume mzima anafuma! Vijana wa bodaboda hawakumwacha apumue. "Mzee, nifumie na gauni basi," mmoja alimwambia siku moja. Fundi hakuacha kufuma. "Lete kwanza kiuno cha kulivaa," akamjibu, na wenzake wakamcheka yule kijana mpaka akawasha pikipiki akaondoka.

Lakini inua macho tu kutoka pale sokoni, milima hiyo hapo juu yako. Huko juu mwezi wa sita na wa saba maji ya mtoni yanauma vidole, na mkulima anaingia shambani asubuhi na umande hadi magotini. Wateja wake walikuwa hao. Wakulima wa Mgeta, walinzi wa maghala, vijana wanaowapandisha wageni mlimani. Walishuka na mizigo ya mboga, wakapita kwake, wakapanda tena na soksi kwenye rambo.

Nyuzi zake hakununua dukani. Alikwenda kwenye mabunda ya mitumba siku yanapofunguliwa, akachagua masweta, mkewe akayafumua, na uzi uliopatikana ndio aliofumia. Wengine wakifika pale walitazama rangi. Yeye alitazama viwiko. Sweta kuukuu ambalo viwiko vyake havijachakaa, alisema, uzi wake ni mvumilivu, maana kiwiko cha sweta na kisigino cha soksi kazi yao ni moja. Kisha aligeuza ndani nje akakagua mishono ya ubavuni. Kama sweta lilikatwa kwa mkasi na kufungwa kwa ovaloki, alilitupa hata kama ni zuri vipi, kwa sababu ukilifumua unapata vipande vipande tu, na soksi ya vipande ina mafundo, na fundo ndani ya gambuti ni jiwe. Hayo ya mafundo aliyasema kwa sauti ya ugomvi, kama vile fundo limemtukana mama yake.

Halafu kiberiti. Alivuta kauzi kadogo akakachoma papo hapo, mwenye mitumba akipiga kelele. Kakinuka nywele na kuacha majivu, hiyo ni sufu. Kakiyeyuka kakawa kashanga keusi kagumu, hiyo ni plastiki. Mimi kwenye jambo hilo nilimpata haraka, maana rasta ninazosukia watu ukizichoma ncha zinafanya hivyo hivyo, na nywele za mtu zikiungua harufu yake naijua nikiwa nimefumba macho. Aliponiona sihitaji kuambiwa mara mbili akafurahi, ila furaha yake ilikuwa ya kukutafutia kosa jingine. "Sawa, ni sufu. Laini hiyo, au ngumu?" Nikashika nikasema laini, tamu kabisa, kama ya mtoto mchanga. "Basi mfumie mtoto mchanga," akasema, akaninyang'anya. Sufu laini sana haina subira, inatoa manyoya, inakonda chini ya unyayo. Yeye alitaka iliyosokotwa ikakaza, nyuzi tatu au nne zimekumbatiana, ukiisugua kati ya vidole inakwaruza kidogo. Aliisugua chini ya kidevu chake, mahali ambapo ngozi ni nyembamba. Ikikwaruza bila kuwasha, hiyo ndiyo anayochukua.

Kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba mtu huyo mwenyewe alivaa kandambili. Mwaka mzima! Mvua, matope, yeye na kandambili zake za bluu, kisigino kimepasuka. Nikamwuliza siku moja, Fundi, wewe unahubiri miguu ya watu, yako je? Akatazama chini kama vile ndiyo kwanza anaiona. "Hii haijawahi kunidai kitu," akasema. Mkewe akacheka nyuma kule. "Muulize basi kwa nini anaifunika kwa kanga yangu akilala," akaniambia.

Alikuwa bahili wa uzi kupita kiasi. Kipande cha urefu wa kidole hakitupi, anakiunga. Lakini sindano aligawa bure. Alizitengeneza mwenyewe kwa spoki za baiskeli, anazisugua juu ya jiwe mpaka ncha zinateleza, na yeyote aliyesema anataka kujifunza alipewa nne pamoja na matusi. Nami nilipewa zangu. Alinifundisha kufuma kwa kuzunguka, soksi inatoka bila mshono hata mmoja, na kila nilipokosea alifumua yote, siyo pale nilipokosea tu. Mara nyingi nilirudi saluni nimenuna, wateja wangu wakadhani nimegombana na mwanaume. Alichukia pia kushukuriwa. Ukimwambia asante, anakujibu, "Subiri masika yapite ndiyo useme."

Sasa lile sweta jeupe. Nilimwambia Fundi, baba yangu analima, udongo wa kule ni mwekundu, nyeupe si itachafuka siku ya kwanza? Nipe nyeusi, au kahawia. Akasimama, akasema anakwenda kunywa chai, akaenda kweli, akaniacha pale na mkewe.

Mkewe alikuwa na mguu mmoja. Hilo nilikuwa nimeliona siku zote na sikuwahi kuuliza. Gongo lake liliegemezwa ukutani, na mikono yake ilifumua masweta haraka kuliko ninavyofumua mimi rasta, na ninazifumua haraka. Mwanamke mcheshi sana, alijua umbea wa soko zima bila kunyanyuka kwenye kile kiti. Siku ile hakucheka.

"Na mimi nina sukari, mwanangu," akaniambia. "Nilikuwa nauza samaki wabichi, pale chini kwenye maji maji. Akanifumia soksi za kuvalia mabuti yangu. Nzuri hizo! Nyeusi, ili zisionyeshe uchafu, nilimwomba mwenyewe. Sasa sisi watu wa sukari mguu hausikii. Kidole kilichubuka, damu ikatoka, usaha ukatoka, soksi nyeusi, ndani ya buti, nani ataona? Tulijua kwa harufu." Akavuta uzi, akauzungusha mkononi. "Anasema ni yeye aliyenikata. Nimemwambia mpaka nimechoka kwamba rangi nilichagua mimi."

Nililia, sisemi uongo. Nikamlilia yeye, nikamlilia na Baba. Kuanzia hapo sikubishana tena juu ya rangi. Baba alivaa nyeupe.

Jambo jingine alilonieleza mama yule siku ile ni kwamba mumewe bado anamfumia jozi. Soksi mbili, kila mwaka. Anavaa moja, ya pili inakaa. Alimwambia mumewe afume moja tu, asipoteze uzi, na yule bahili wa kuunga vipande vya kidole akakataa. Akasema soksi moja siyo kazi ya fundi.

Baba naye hakuwa mwanafunzi mwepesi. Vipimo vyake nilivipata kwa kamba yenye alama za kalamu, urefu wa wayo, mzunguko wa kifundo. Soksi zilipokamilika nikazipeleka mwenyewe Mgeta, nikamweleza kila kitu. Aoshe kwa maji baridi, asikamue kwa kunyonga, aanike kivulini, akague ndani kila jioni kabla ya kulala. Akasema nimesikia, mwanangu. Kumbe masikioni mwake alikuwa na maneno ya nesi, usafi, mzee, usafi. Nilipoondoka tu akazitia kwenye sufuria, akawasha moto, akazichemsha kama maharage. Zikatoka zimesinyaa na kukakamaa, zinamtosha mjukuu wake wa chekechea.

Akanitumia kwa kondakta wa basi zimefungwa kwenye gazeti. Nikazificha saluni siku mbili nikiogopa kumpelekea Fundi. Nilipompelekea akazigeuza, akazinusa, akagonga meza nazo, ko ko, kama mbao. Halafu akacheka! Sikuwahi kumwona akicheka vile, alivua miwani akafuta macho. "Baba yako amepika soksi! Kaweka na chumvi?" Watu wa meza za jirani wakaja kutazama soksi zilizopikwa. Alipotulia akachukua mkasi, akazikata, akatoa soli mbili nene za kutandika ndani ya gambuti, nzito na zenye joto kuliko blanketi. Jozi mpya aliianza jioni ile ile.

Nimesema alikuwa mkali, sijasema alikuwa anapatia siku zote. Kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna mtu angemwambia kitu, nalo ni nailoni. Aliichukia. Mtaa wa maduka kuna mama mmoja wa Kihindi anauza vifungo, zipu na nyuzi za cherehani, na yeye ndiye aliyemwambia Fundi miaka mingi kwamba sufu tupu haitoshi kwenye kisigino, achanganye na kauzi kembamba ka nailoni pale panaposuguliwa, na kidoleni pia. Fundi akamwambia yeye hafumi mifuko ya sandarusi. Wakawa hawasalimiani vizuri. Na alijigamba mbele ya kila mteja, "Soksi yangu ikitoboka kabla ya gambuti lako, nirudishie nikufumie nyingine." Walimrudishia wachache, akawaambia gambuti lao ni bovu.

Mwezi wa saba, baridi ya Mgeta ikiwa ndiyo yenyewe, Baba akanipigia simu asubuhi nikiwa nasuka mteja. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mwanangu, nimekagua soksi jana. Ina doa."

"Doa la nini, Baba?"

"Jekundu. Kisiginoni. Pametoboka."

Nikamwacha mteja na nusu ya kichwa. Nilimwambia Baba asiguse shamba, asivae buti, ashuke zahanati sasa hivi, abebwe na bodaboda. Akaniuliza kabichi atamwachia nani. Nikamfokea, mimi nikamfokea baba yangu mzazi, mpaka wateja wakanyamaza. Akaenda.

Nilipomwambia Fundi, hakuuliza gambuti lilikuwaje. Aliweka mikono juu ya mapaja, akawa mtu mdogo pale kwenye kiti chake. Mkewe akamshika bega. "Ameliona," akamwambia. "Unasikia? Ni nyeupe, ameliona mapema." Fundi akafunika meza kwa turubai saa nne asubuhi, kitu ambacho sokoni hakuna aliyewahi kukiona, akaondoka na kandambili zake kuelekea mtaa wa maduka. Nilimfuata kwa sababu nilimwogopea.

Yule mama wa Kihindi alipomwona mlangoni akaweka chini kikombe chake. "Karibu, Fundi. Leo umepotea njia?"

"Nionyeshe ule uzi," Fundi akasema.

"Upi?"

"Unaujua."

Mama yule angeweza kumcheka, na haki alikuwa nayo. Hakumcheka. Akapanda ngazi mwenyewe akashusha boksi, wakainama juu yake wote wawili, wakauvuta, wakaukata kwa meno, wakabishana upi mwembamba zaidi usiokwaruza ngozi. Wakachagua mweupe.

Wiki zile zilikuwa ngumu. Baba alikuwa anasafishwa kidonda na nesi siku baada ya siku, amekaa nyumbani amenyoosha mguu juu ya kigoda, majirani wakimpalilia. Kila simu yake ikilia kwangu, naacha kusuka. Nilikuwa nawaza mguu mmoja, gongo, mteremko wa kule kwetu ulivyo, baba yangu hajui kukaa. Mzee yule akikatwa mguu hatakufa kwa sukari, atakufa kwa kukaa. Fundi naye alifuma kisigino kimoja akakifumua, akafuma tena akakifumua. Alisugua kila kimoja kwenye ukingo wa ndani wa gambuti kuukuu alilokuwa ameliomba kwa mlinzi, anasugua anasugua huku akihesabu kwa midomo. Hakuwa anamtukana mtu yeyote wiki hizo, na sote tulipata wasiwasi.

Kidonda kilifunga. Polepole, lakini kilifunga, na nesi akamruhusu Baba arudi shambani kwa masharti. Nilipompelekea Fundi habari, akasema tu, "Bado masika." Masika yakaja, yakapita. Soksi zile za kisigino cha nailoni Baba alizivaa mpaka gambuti lenyewe likapasuka.

Mara ya mwisho kuwaona wale wawili pale sokoni ni wiki waliyokuwa wanafunga meza. Macho ya Fundi yalikuwa yamefunga ukungu, uzi anauchagua kwa kidevu na vidole tu, na binti yao anayeishi Turiani alikuwa amekuja kuwachukua. Baba aliposikia akasema lazima ashuke. Nikamwambia Fundi hapendi shukrani. Akasema hiyo ni shida ya Fundi.

Akafika asubuhi na basi la kwanza, gambuti mguuni, mkungu wa ndizi begani. Walikuwa hawajawahi kuonana. Baba akasimama mbele ya meza tupu, akasalimia Kiluguru, na Fundi akaitikia Kiluguru, akanyoosha mkono hewani akitafuta sauti ilipo. Nikamwambia, "Fundi, huyu ndiye Baba."

Hakusema karibu, wala hakuuliza hali. "Mpe kiti," akaniambia. "Vua buti, mzee mwenzangu."

"Hapa? Mbele ya watu?"

"Vua."

Baba akanitazama, akakaa, akavua. Fundi akashuka kwenye kiti chake akapiga magoti juu ya sakafu ile ya soko, akavuta soksi taratibu kuanzia juu, akauchukua mguu wa baba yangu kwa mikono yote miwili. Akapapasa kidole kimoja kimoja. Akapapasa katikati ya vidole. Akafika kisiginoni, akalikuta kovu, akalizunguka kwa kidole gumba, na kidole kikasimama hapo. Watu wa mboga waliacha kuita wateja. Mkewe alikuwa amejifunika mdomo kwa ncha ya kanga.

"Pana joto," Fundi akasema. Kisha, kwa mkewe, "Mama, mguu una joto, ni mzima."

"Nimesikia, baba," mkewe akajibu, na sauti yake ilikuwa imejaa machozi.

Fundi aliinamisha kichwa, na mguu hakuuachia. Tukakaa hivyo. Mbele ya soko basi la Mgeta likapiga honi, likapiga tena, na kondakta akaanza kuita watu wake. Baba yangu siyo mtu wa kulia mbele za watu. Akakohoa, akamgusa Fundi begani, akamwambia kwa upole ambao mimi mwanawe sikuwa nimewahi kuusikia, "Fundi, nirudishie mguu wangu. Gari linaniacha."

Fundi akamvisha soksi, akaivuta mpaka juu, akalainisha kisigino kisiwe na mkunjo.

"Chukua, mzee," akasema. "Ni wako."